Tazama kitenzi: jinsi ya kujua kama unamhitaji mtu wa fizio au mtu wa tiba kwa vitendo

Karibu kila wiki kuna mtu ananisimamisha kwenye korido ya wodi: "Samahani dada, wewe ndiye wa mazoezi?" Namwambia hapana, wa mazoezi ni yule pale mwenye raba nyeupe, ila hebu niambie mgonjwa wako ana shida gani, huenda unanitafuta mimi bila kujua. Nina miaka 14 katika tiba kwa vitendo, na mama yangu mzazi mpaka leo huwaambia wageni kwamba nafundisha wagonjwa michezo. Simlaumu. Majina yetu yenyewe yanachanganya.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Fiziotherapia, ambayo wengi wanaiita fizio tu na wengine tiba ya viungo, ni fani moja. Tiba kwa vitendo, ambayo utaikuta pia ikiitwa tiba kazi, ni fani nyingine, yenye shule yake na leseni yake. Hili la "tiba kazi" limewapoteza wengi, wakadhani tunashughulika na walioumia kazini au tunawatafutia watu ajira. Kazi inayosemwa hapa ni chochote kinachoijaza siku ya mtu: kupiga mswaki, kufungua mlango kwa ufunguo, kumbeba mjukuu. Mtoto wa miaka minne kazi yake ni kucheza, na asipoweza kucheza analetwa kwangu.

Ukitaka kujua uende kwa nani, chukua karatasi uandike tatizo kwa sentensi moja, kama unavyolisema nyumbani. Kisha tazama kitenzi.

"Baba hawezi kutembea mbali." "Goti halikunji." "Anayumba akisimama." Hizo ni sentensi za fizio. "Baba hawezi kuvaa shati." "Hashiki kalamu." "Anashindwa kufunga zipu." Hizo ni zangu. Ukiwa unakumbuka sarufi ya darasani, utaona kwamba vitenzi vya fizio kwa kawaida havina yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Mtu anatembea, anasimama, anainama, anapumua, basi. Vya kwangu vinadai kitu upande wa pili: shati, kalamu, zipu, sufuria. Kiungo cha mwili hakihesabiki kama kitu, kwa hiyo "hainui mkono" inabaki ya fizio. Kanuni hii ina matundu yake, najua. Kuoga hakuna yambwa na ni kwangu moja kwa moja, na kupanda ngazi kunayo lakini ni kwa mwenzangu. Hata hivyo imewasaidia watu wengi waliosimama mbele yangu na faili mkononi wasijue pa kulipeleka.

Sasa angalia sentensi mbili: "Mama hainui mkono juu ya bega," na "Mama hawezi kuchana nywele zake." Mkono ni ule ule. Mtu wa fizio atashughulika na bega: maumivu, misuli, kiungo kilichokaza. Mimi nitashughulika na nywele, na leo hii, bega likiwa bado bovu. Huenda nikampa chanuo lenye mpini mrefu, au nikamwonyesha jinsi ya kuegemeza kiwiko mezani na kuinamisha kichwa kiufuate mkono. Bega likipona wiki ya sita, vizuri sana. Lakini hatutamwacha wiki tano bila kuchana.

Kipindi cha kwanza nacho kinakwambia mengi. Kwa fizio utapimwa. Atakuwa na kipima pembe, anakiweka kwenye goti na kusoma nyuzi. Atakuambia usukume mkono wake, naye ataandika namba kati ya 0 na 5: 0 ni msuli usiojitikisa kabisa, 3 ni msuli unaoweza kuinua kiungo chake chenyewe lakini si zaidi ya hapo, 5 ni mzima. Huenda akakuketisha kitini na kusema inuka, tembea mita 3, geuka, rudi, keti, huku anatazama saa. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi hapo tunaanza kumhofia kuanguka. Na watu wanasahau kwamba fizio anatibu vifua pia. Wodini ndiye anayekufundisha kupumua kwa kina na kutoa makohozi baada ya upasuaji.

Mimi nina swali ambalo wengine linawaudhi: "Jana, tangu ulipofumbua macho, umefanya nini?" Sitaki "nilipumzika tu". Nataka nani alikushika ulipoinuka, taulo lilikuwa wapi, uliketi au ulisimama ukijikausha, kikombe ulikishika kwa mkono gani. Halafu naomba uvue shati. Mgonjwa anadhani nataka kumpima kifua. Nataka kuona anavyolivua.

Kuna fomu moja tunayoitumia wote wawili, ya Barthel, iliyochapishwa mwaka 1965. Ina vipengele 10, kuanzia kula na kuoga hadi ngazi, na jumla ni alama 100. Ni fomu nzuri, lakini mtu akipata 100 haimaanishi kwamba maisha yake yamerudi. Haiulizi kama unaweza kupika, kusimamia fedha zako au kupanda basi.

Nieleze tofauti kwa mtu mmoja. Mzee alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Mwenzangu wa fizio alimfanyia kazi wiki tatu: kwanza kukaa ukingoni mwa kitanda bila kuanguka, kisha kuinamia mbele na kurudi, kisha kusimama, kisha hatua. Ilifika siku mzee akatembea korido nzima na mkongojo, wodi ikapiga makofi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta binti yake anamvalisha, mkono huu, mkono huu, kama mtoto wa chekechea. Mzee akaniangalia akasema, "Mwanangu, miguu imerudi, lakini bado navalishwa."

Hivi ndivyo tulivyofanya, na nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo kama mtaalamu wako amekubali na mgonjwa anakaa bila kushikiliwa. Kaa kwenye kiti imara, nyayo zote mbili chini. Godoro halifai, linabonyea. Tandaza shati mapajani, ndani ikitazama juu, mkono wa shati wa upande dhaifu uning'inie katikati ya magoti. Mkono dhaifu ndio unaotangulia daima. Inamia mbele, uache mkono ushuke wenyewe ndani ya shati. Uzito wake unakusaidia. Kwa mkono mzima vuta nguo ipite kiwiko mpaka ifike begani. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaishia chini ya kiwiko, na shati zima linakwama. Ikishafika begani, pitisha shati nyuma ya shingo, ingiza mkono mzima. Vifungo anza vya chini, kwa sababu kule macho yanaona, na cha chini kikipata tundu lake vingine vinafuata mstari. Kuvua ni kinyume: mkono mzima hutoka kwanza, dhaifu mwisho.

Mara ya kwanza ilimchukua mzee dakika 22. Binti yake alikuwa amekalia mikono yake mwenyewe, nilimwomba afanye hivyo.

Lakini rudi kwenye ile "inamia mbele". Mtu aliyepooza upande mmoja akiinama bila maandalizi anaanguka na uso. Yule mzee aliweza kwa sababu mwenzangu alikuwa amemfundisha wiki ya kwanza, ukingoni mwa kitanda, zoezi ambalo mzee aliliona la kipuuzi. Wiki zile tatu za fizio zimo ndani ya shati lile. Ndiyo maana watu wakiniuliza ipi bora kati ya tiba hizi mbili huwa sijibu, namimina chai.

Na mkongojo wenyewe: fizio ndiye aliyempa. Ndiye aliyempimia urefu, kichwa cha mkongojo kikiwa usawa wa kifundo cha mkono mzee akisimama wima na mkono umening'inia, kiwiko kikikunjika kidogo anaposhika. Ndiye aliyemwambia aushike kwa mkono wa upande mzima, jambo ambalo familia ililibishia sana, na kwamba kwenye ngazi mguu mzima unatangulia kupanda, ule dhaifu unatangulia kushuka. Mimi nikaja na swali langu la kero: mkono mmoja haufanyi kazi, wa pili umeshika mkongojo, sasa chai inafikaje mezani? Kwa mkongojo, chupa ya chai yenye mfuniko na mfuko wa kuvaa begani vinatosha. Anayetumia fremu ya kutembelea anafunga kikapu mbele yake. Au unahamisha meza karibu na jiko, na safari yenyewe haipo tena. Nusu ya kazi yangu ni hiyo ya mwisho, kubadilisha nyumba pale mwili usipobadilika upesi: kiti cha choo kilichoinuliwa, kishikio ukutani, zulia linaloteleza kuondolewa, njia ya kiti cha magurudumu yenye mteremko wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo.

Kuna kundi ambalo mazoezi hayalifikishi popote, na hapa naomba uwe makini, kwa sababu ndilo linalochelewa kuletwa. Mtu ana nguvu 5 kwa 5 mikono yote, anatembea vizuri, lakini anavaa kiatu halafu anahangaika kuvaa soksi juu yake. Anakula nusu ya sahani, ile ya kulia, na kulalamika kwamba amepewa chakula kidogo. Ananyoa shavu moja. Macho ni mazima. Ubongo, hasa kiharusi kikipiga upande wake wa kulia, umeacha kuhesabu upande wa kushoto kuwa upo. Familia inasema amekuwa mkaidi au anajifanya. Mletee mtu wa tiba kwa vitendo. Kazi yetu ni pamoja na kumbukumbu, umakini na mpangilio wa hatua, na ni pamoja na afya ya akili: mtu ambaye sonona imemwacha kitandani hadi saa nane mchana hana kiungo kibovu hata kimoja, lakini siku yake imevunjika.

Hilo la akili halikuongezwa juzi. Fani yetu ilipewa chama chake cha kwanza Machi 1917, Clifton Springs, New York, nyumbani kwa msanifu majengo aitwaye George Barton, ambaye alikuwa ameugua kifua kikuu, amekatwa vidole vya mguu na kupooza upande wa kushoto, akajirudisha mwenyewe kwa kulima bustani na useremala. Kati ya aliowaalika alikuwemo daktari wa magonjwa ya akili na mwalimu wa kazi za mikono. Fizio wana ukoo mwingine: Uingereza, mwaka 1894, wauguzi wanne waliofanya ukandaji wakaunda chama ili kulinda heshima ya kazi yao. Wao walianza na mkono juu ya msuli, sisi tulianza na patasi mkononi mwa mgonjwa.

Mipaka haiko wazi kila mahali, na usishangae ukitukuta wote wawili kwenye jambo moja. Kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kitini tunafundisha sote. Yeye anatazama magoti na kiuno, mimi natazama kiti chenyewe ni cha kimo gani na kwamba safari inayofuata ni ya choo. Mikono iliyokatwa kano au kuvunjika vidole inatibiwa na fani zote mbili, wale waliojiongezea elimu ya mkono. Ukihitaji banzi la kushikilia kifundo, uliza aliyepo nani anayetengeneza. Kwa kawaida ni sisi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anatuhitaji wote tangu mapema: fizio kwa kukaa na kusimama, mimi kwa kushika, kula, kuvaa na kucheza. Mtoto anayeandika hadi mkono unamuuma, au anayelia akivalishwa nguo yenye lebo shingoni, aje kwangu.

Nani atangulie? Baada ya upasuaji, mara nyingi fizio. Nyonga bandia, kwa mfano: anaweza kukuinua siku ile ile au kesho yake. Kama daktari wako wa upasuaji amekukataza kukunja nyonga kupita nyuzi 90, na si kila aina ya upasuaji ina katazo hilo kwa hiyo muulize yeye, basi soksi imekuwa tatizo, na viatu, na choo kifupi. Hapo ndipo naingia na kijiti cha kuvalia soksi na kijiko cha kuvalia viatu chenye mpini mrefu. Wangeniita kabla ya upasuaji ingekuwa vizuri zaidi, mtu afanye mazoezi ya vifaa akiwa hana maumivu ya kidonda, lakini huo ni ugomvi wangu wa miaka mingi na wala si na hospitali moja.

Mambo mengine hayatuhusu sisi wote wawili kwa saa ile. Uso ukilegea ghafla upande mmoja, maneno yakigongana, mkono ukiishiwa nguvu: hospitali, dharura, sasa hivi. Kifua kubana au pumzi kukatika baada ya upasuaji, au shavu la mguu kuvimba na kuwa la moto, ni daktari kwanza. Na kwa mliopo nyumbani na mtu wa kiharusi: msimvute kwa mkono uliopooza kumwinua. Bega lake halina misuli ya kulishikilia, linateguka, na maumivu yake yatachelewesha kazi yetu sote.

Siku ya kuja kwangu, njoo na shati lenyewe, si gauni la wodi. Njoo na picha za bafu na choo kwenye simu, na vipimo viwili: upana wa mlango na kimo cha choo. Njoo na yule anayemsaidia mgonjwa kila siku, maana anajua asiyoyajua mwana anayelipia. Na msimwambie mgonjwa ajikaze aonekane mzima. Nikiona anaweza kila kitu nitamwandikia kwamba anaweza kila kitu, na mtarudi nyumbani mikono mitupu.

Zaidi ya yote njoo na sentensi yako, ya mgonjwa mwenyewe, si ya faili. Hili nimelijifunza kwa aibu. Alikuja mama mmoja, kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika na kuunga vibaya, vidole vigumu. Faili lilisema mwalimu mstaafu. Nikajua, au nikadhani najua. Nikanenepesha kalamu kwa sponji, nikamchorea mistari, wiki mbili tunaandika herufi. Aliandika bila kulalamika, kama mwanafunzi mzuri. Siku moja akaiweka kalamu mezani taratibu akasema, "Mwanangu, kuandika nimeandika miaka 35, nimechoka nako. Mimi nataka kutia uzi kwenye sindano."

Sikuwa nimemuuliza. Tuna utaratibu mzima wa kuuliza, mgonjwa anataja shughuli zake na kuipa kila moja namba 1 hadi 10 kwa umuhimu, nami niliuruka kwa sababu faili lilikuwa limeshanijibu. Nikamwuliza siku hiyo. Sindano aliipa 10. Kuandika kulipata 2, nahisi kwa kunionea huruma.

Tulichomeka sindano kwenye kipande cha sabuni ili isimame yenyewe bila kushikwa, tukaweka karatasi nyeupe nyuma yake tundu lionekane, tukakata ncha ya uzi kwa mshazari. Kiwiko juu ya meza, kifundo ndani ya banzi, uzi kati ya kidole gumba na cha shahada. Chumba cha pili mwenzangu alikuwa anaendelea na kifundo kile kile, akikikunja na kukipima. Jioni nilipofungua faili nijaze yangu nilikuta ameshaandika: "Kifundo kinakunjuka nyuzi 40." Chini yake nikaandika: "Uzi umeingia, jaribio la tatu."